Uzi Mwekundu na Nusu ya Wimbo wa Mvua

Bellevue,
Johannesburg,
Afrika Kusini.

Jumatano, 7 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Enos,

Leo ni tarehe saba Mei, na kabla sijaandika neno jingine naahidi kukueleza kila kitu, hata yale yanayonitia aibu. Wewe ndiye uliyenifundisha, pale mezani kwako Mwala, kwamba barua inayoficha jambo ni heri isiandikwe, kwa kuwa inamchosha msafiri bure. Basi sitaficha.

Ila salamu kwanza, la sivyo utanichorea mstari mwekundu pembeni. Hujambo, Mjomba? Goti lako linaendeleaje? Na lile sikio la kushoto? Mama anasema siku hizi ukipigiwa simu unajibu "Amina" kwa kila swali, hata ukiulizwa kama umeshakula. Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekwa. Natumaini Shangazi Ndinda hajambo, na kwamba Nyanya Kalunde bado anatoka nje asubuhi na kigoda chake kuota jua. Mvua je? Mbaazi zimetoa maua, ama mnatazama mawingu yakipita tu kama mwaka jana? Nina sababu ya kuuliza habari ya mawingu, utaiona mbele.

Sisi huku tu wazima. Mama yuko palepale maktaba ya chuo kikuu. Baba bado yuko Zambia na kazi yao ya daraja, na hatarudi kabla ya Julai. Baridi imeanza, nikienda shuleni asubuhi naiona pumzi yangu. Muhula uliopita nilikuwa wa tatu darasani, na wa kwanza katika historia. Kiswahili hakifundishwi shuleni kwetu, na watoto wengi wa kanisani waliozaliwa hapa wanakisikia tu, wakijibu wanajibu kwa Kiingereza. Mimi bado nasoma vile vitabu ulivyonipa, lakini ukiona mkono wangu umekuwa mzito, unisamehe.

Barua hii inaletwa na Bwana Kip wa kanisani kwetu, yule anayefanya kazi benki. Anasafiri Jumamosi hii, na ameahidi kuitia mkononi mwako mwenyewe. Atapita tena kwako Ijumaa tarehe kumi na sita, kwa sababu anarudi huku Jumapili. Nakuomba uzishike tarehe hizo. Ningepiga simu, lakini simu zetu za nyumbani husikilizwa na sebule nzima, na jambo hili halifai kupigiwa kelele.

Sasa habari yenyewe.

Miaka miwili iliyopita, Jumamosi moja, mimi na Mama tulikuwa mtaa wa Mayfair katika duka la Seif, mtu wa Tanga anayeuza majani ya chai ya kwetu na unga wa chapati. Mama alikuwa ameshika pakiti, anaigeuza. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiimba alto ya kwaya kwa sauti ya chini. Mzee mmoja wa Kihindi, mwembamba, mwenye sweta ya kijivu, akasema kwa Kiswahili, "Mama, hayo majani ni vumbi ya barabara. Chukua ile ya juu."

Mama akageuka. "Kiswahili umejulia wapi, Baba?"

"Mimi nimezaliwa Sultan Hamud. Wewe umejulia wapi?"

Mama alicheka mpaka akashika rafu. Sultan Hamud, Mjomba! Ukambani kwetu! Walisimama pale wakiulizana habari za stesheni ya reli na za mzee mmoja aliyekuwa akiuza mishikaki, mpaka Seif akawaletea viti. Kisha yule mzee akanitazama mimi. "Na huyu anayeimba kwa pua ni nani?"

Hivyo ndivyo nilivyompata mwalimu wangu. Jina lake ni Mzee Jayantilal Barot, nami humwita Guruji, maana ndivyo wanafunzi wa muziki wa asili wa Kihindi wanavyowaita walimu wao. Ana miaka sabini na tisa. Ukoo wake umeimba kwa vizazi saba. Yeye alifundisha Nairobi, Ngara, miaka thelathini, na mkewe alipofariki akaja huku kukaa na binti yake, Dada Hansa, aliye mfamasia. Wanaishi ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Tukiwa katikati ya somo na adhana ikianza msikitini, yeye huinua kidole, nami nanyamaza mpaka iishe. Husema sauti mbili zisisukumane mlangoni.

Mama alikubali upesi nikasome kwake kila Jumamosi. Alisema mzee anayejua Sultan Hamud hawezi kumpoteza mtoto wa Mkamba.

Nikueleze anavyofundisha, maana hakuna shule nyingine niliyoiona ya namna hiyo. Hakuna kitabu wala ubao. Kuna tanpura, ala ndefu ya nyuzi nne ambayo haipigi wimbo, inavuma tu chini ya sauti yako ili usipotee. Na kuna mabakuli mawili, moja tupu, jingine lina dengu arobaini zilizokaangwa. Yeye anaimba kipande, mimi nakirudia. Nikikipata, anahamisha dengu moja kwenda bakuli tupu. Nikikosea, hata kama ni dengu ya thelathini na tisa, anazimimina zote zirudi zilikotoka, bila kunifokea. Ile sauti ya dengu zikirudi ndiyo kiboko chake. Mwezi mzima wa kwanza niliimba noti moja tu.

Tulianza wanafunzi watano. Ndugu wawili waliacha wakaenda kriketi. Msichana mmoja alihamia Durban na wazazi wake. Wa nne alikuwa Murielle, rafiki yangu Mkongomani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyevumilia Jumamosi nne. Siku ya mwisho alinisikiliza nikifanya mazoezi nyuma ya nyumba yao, akasema, "Eish, Mwende, unaimba sawa mutu anatafutaka ufunguo mu giza!" Nilikasirika, lakini alikuwa amesema kweli. Ndivyo ilivyo. Unapapasa mpaka mkono uguse.

Wajukuu wa Guruji wako Cape Town. Ni watu wazuri, humpigia simu kila Jumapili, wanamwita kwa upendo. Hakuna anayeimba. Dada Hansa aliniambia kwamba yeye mwenyewe alifundishwa utotoni akaacha kwa sababu ya mitihani, na sasa akimsikia baba yake akinifundisha hutoka kwenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

Nije sasa kwenye wimbo.

Babu yake Guruji alikuwa na duka Sultan Hamud kando ya reli. Mwaka mmoja mvua ilikosa misimu miwili. Wateja wake walikuwa watu wetu, Mjomba, huenda hata wa ukoo wetu, na alikuwa akiwaona wakija na vibuyu vitupu kuomba maji ya stesheni. Huyo babu hakujua kulima wala kuomba kwa lugha yao. Alichokijua ni kuimba. Katika muziki wao kuna raga. Raga si wimbo. Ni kama watu wa nyumba moja: noti hii inaingia bila kubisha, hii lazima ingoje mlangoni, na hii haialikwi kabisa. Nazo zipo raga za mvua, ziitwazo Malhar. Basi akatunga wimbo katika Malhar, kuhusu kilima kinachoonekana kutoka dukani kwake.

Wimbo huo una nusu mbili. Nusu ya kwanza inaliita wingu. Nikikutafsiria, inasema: wingu limesimama juu ya kilima, kama mgeni asiyejua kama ameitwa. Nusu ya pili ndiyo mvua yenyewe. Guruji anasema sauti inapanda juu, inakaa huko kidogo, halafu inaachiwa.

Nusu ya kwanza ninayo. Ilinichukua miezi mitano. Ya pili sina.

Sina kwa sababu babu yule alimwapisha mwanawe, na mwanawe akamwapisha Guruji, kwamba nusu ya kwanza ni ya kila mtu, aimbiwe yeyote, lakini ya pili ni ya mwanafunzi aliyefungwa uzi. Huo ni utaratibu wao wa zamani. Mwalimu akiridhika nawe anakufunga uzi mkononi, na kuanzia siku hiyo wewe ni kama mtoto wa ukoo ule wa muziki. Yeye hawezi tena kukuficha kitu, nawe huna ruhusa ya kuuacha ufe.

Guruji alinifunga uzi Jumamosi ya tarehe kumi na tano Machi. Naomba usome polepole hapa, maana niliahidi kila kitu. Aliwasha kijiti kimoja cha udi mbele ya picha ya baba yake, akasimama kimya. Mimi sikuambiwa nisujudu, na sikusujudu. Akanifunga uzi mwekundu wa pamba mkono wa kulia. Kisha akachukua dengu kutoka bakuli lile lile la kuhesabia, akanilisha pamoja na kipande cha sukari guru. Akasema, "Sasa utakula ulichohesabu." Dada Hansa alikuwa mlangoni, na safari hii hakwenda kuosha vyombo. Guruji akasema wiki mbili nipumzishe sauti, halafu tuanze nusu ya pili.

Kosa langu ni hili: sikumwambia Mama kabla, wala baada. Nilijua atauliza, na sikuwa na jibu lililopangika. Nikauficha uzi ndani ya mkono wa sweta ya shule siku nane. Nilikuwa nikijiambia kwamba siongopi kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Najua ungesema nini.

Jumapili tuliporudi kanisani Mama alikaa kunifumua nywele, na mkasi mkononi. Niliinua mkono kumwonyesha msuko unaouma, na sweta ikateleza.

"Mwende. Hiki nini?"

"Ni uzi, Mama. Wa Guruji."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kunikubali."

"Kukukubali kwa nani? Wapi? Nani kakufunga, mwanangu? Kakufunga nini?"

Nilitaka kumweleza habari ya mvua na duka na kilima, lakini yote yalinijia kwa pamoja na hakuna lililotoka. Akakata. Hakukata kwa hasira, Mjomba. Alikata kama anatoa nge kwenye nguo ya mtoto. Uzi ukaangukia kwenye nywele sakafuni. Kisha akanikumbatia akaomba, na machozi yake yakaniingia sikioni.

Alipotulia ndipo akanisimulia habari yako. Niliijua kidogo, lakini si yote. Kwamba Babu Mkuu Nzioka alikuwa mpiga ngoma, na kati ya wajukuu wote alikuchagua wewe. Kwamba siku alipokupa ngoma ndogo alikufunga mkononi ukanda wa ngozi ya mbuzi. Kwamba ulipookoka ukiwa na miaka kumi na minne, umri wangu huu, ulisimama mbele ya kanisa zima ukaukata kwa kisu cha jikoni, na Mama, akiwa na miaka mitano, alikuwa amekaa benchi ya mbele na miguu haifiki chini. Anasema hajawahi kumwona mtu jasiri kama wewe. "Mjomba wako alikata ya kwake," akaniambia, "mimi nitakuachaje na yako?"

 Nilizoa nywele, nikautoa uzi humo, nikauweka kwenye daftari langu la noti za solfa.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Guruji ukweli wote. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alizima tanpura kwa kiganja. "Mama ni mkubwa kuliko mwalimu," akasema. "Mimi siwezi kufunga uzi juu ya neno la mama. Akisema ndiyo, nitafunga hata kesho. Akisema hapana, wimbo ulale." Kisha akamimina dengu kwenye bakuli na tukaendelea na mazoezi ya kawaida, kana kwamba tuna miaka mia.

Hatuna, Mjomba. Tangu Januari sauti yake ilikuwa inakwaruza. Tulidhani ni baridi ya ghorofani. Sasa wameona uvimbe kooni, na atapasuliwa Jumatatu tarehe ishirini na sita mwezi huu. Madaktari wamemwambia Dada Hansa kwamba anaweza kupona vizuri na bado sauti isirudi. Hivi sasa anaweza kuimba robo saa tu, asubuhi, kabla haijakatika. Jumamosi ya mwisho kabla ya hospitali ni tarehe ishirini na nne.

Usidhani nimekaa tu. Nimejaribu niliyoyaweza, na nikuorodheshee aibu zangu.

Nilinunua uzi mwekundu dukani kwa wale wa vitambaa, nikajifunga kwa meno na mkono mmoja, nikaenda nao. Guruji aliutazama kwa muda, akasema, "Huu umefunga wewe. Mtu hajikaribishi mwenyewe." Nikaufungua palepale.

Nilifikiria kuweka simu kwenye begi ili niibe sauti yake akijisahau. Nilifikiria kweli, siku tatu. Lakini hajisahau, na mimi sitaki kuupata kwa wizi wimbo uliotungwa kwa ajili ya kuwahurumia watu wenye kiu. Dada Hansa aliwahi kumrekodi nusu ya kwanza, akamsikilizisha. Guruji akasema, "Nzuri sana. Ni picha ya chakula. Nani ameshiba?"

Niliandika nusu ya kwanza kwa solfa, kama Mama anavyoandika za kwaya, nikampelekea mwalimu wa muziki shuleni. Ni mtu mwema, aliicheza kwa piano yote. Kila kidole kiliangukia mahali pake, na wimbo haukuwepo. Kuna noti ya tatu ambayo haisimami. Inatikisika kama jani lililobeba tone. Piano haina jani. Solfa haina tone. Nilimshukuru nikaondoka, na njiani nilisimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, mpaka zikabadilika mara tatu bila mimi kuvuka.

Nilimwomba Mama. Nilimweleza vizuri safari hii, kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha kupanga hoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hajaninyima masomo, kila Jumamosi ananipeleka mwenyewe, na humpelekea Guruji asali ya koo lake. Nikifanya mazoezi ya nusu ya kwanza jikoni, nimemsikia mara mbili akiifuata kwa chini, alto. Alisema, "Imba, mwanangu. Imba mpaka uchoke. Lakini usifungwe." Nikamwuliza kama kuna mtu yeyote anayeweza kumwambia uzi huu si hirizi akamwamini. Akasema yuko mmoja, na huyo hawezi kumwuliza, maana ushuhuda wake ndio uliomleta kanisani tangu utoto, na mtu hachimbi msingi wa nyumba anayolala.

Huyo ni wewe.

Kwa hiyo unaona ninavyokwama. Mama ni mwema, Guruji ni mwema, Dada Hansa ni mwema, na babu yule wa Sultan Hamud alikuwa mwema, na wote wameshika neno lao, na katikati yao wimbo unakufa bila adui. Angekuwapo mtu mbaya ningejua la kufanya. Usiku naimba nusu ile kichwani mpaka mwisho wake, na kila mara nafika mahali wingu limesimama, halafu ni kimya. Mimi ni mwanafunzi niliyebaki peke yangu, na nilicho nacho ni wingu.

Nimekuwekea uzi wenyewe ndani ya bahasha hii. Ufungue, uutazame kwenye mwanga, uunuse. Hakuna karatasi iliyoshonewa ndani, hakuna unga, hakuna mzizi. Ni pamba tu, umefifia kidogo kwa sabuni ya vyombo. Lakini mimi ni mtoto, huenda kuna nisichokiona, na wewe unayajua mambo haya kwa mkono wako mwenyewe. Ukiona ni kitu kibaya, niandikie hivyo, na nitakutii, na sitamsumbua Mama tena. Naogopa nikiandika hayo, lakini nayaandika.

Kuna jambo moja limebaki, nami niliahidi kila kitu. Mwaka ule kabla hatujahama, nilikuwa na miaka minane, tulikuwa tunapukuchua mahindi ghalani kwako. Ulikaa kwenye gunia, debe tupu likiwa katikati ya magoti. Ulidhani nimelala. Vidole vyako vilianza kupiga lile debe, kwanza kidogo, halafu mkono wa kushoto ukaanza kusema kitu na wa kulia ukajibu, na ilikuwa ndefu, Mjomba, ilikuwa na mwanzo na kugeuka na kurudi. Ulikuwa umefumba macho. Ulipoyafumbua ukaniona natazama, ukaacha, ukasema unafukuza panya.

Sikumwambia mtu yeyote, hata Mama. Wala leo sikuandikii ili nikuaibishe. Nakuandikia kwa sababu Guruji akianza kuimba hufumba macho vilevile, na tangu siku ya kwanza kwake nilikuwa najiuliza ni wapi nimeuona uso huo.

Mama anajua nakuandikia. Hakuomba kuisoma. Aliniletea bahasha kubwa, na pakiti ya majani ya chai ya kwa Seif, ile ya rafu ya juu, akasema nikuambie anakukumbuka na kwamba ulale na soksi. Nisalimie Shangazi Ndinda, na umwambie bado sijala huku muthokoi unaokaribia wake. Nisalimie Nyanya Kalunde, umshike mikono yote miwili kwa ajili yangu. Murielle naye anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema mtu aliyenifundisha kuandika barua ndefu hivi lazima awe na subira ya punda.

Mungu awape mvua ya kutosha shambani na usingizi wa kutosha nyumbani, na aliponye goti lako.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda kwa mbali na kwa karibu,

Mwende

Chini hapa nimeacha nafasi kwenye karatasi. Huna haja ya kuandika barua nzima. Neno moja linatosha, kisha umrudishie Bwana Kip karatasi hii hii Ijumaa, na Mama ataujua mkono wako. Ule ukanda wa ngozi aliokufunga Babu Mkuu Nzioka siku aliyokupa ngoma ndogo, ulipoukata mbele ya kanisa: ulikuwa hirizi, Mjomba, ama ulikuwa kitu kama huu uzi?